Mwezi, Shaka na Yakini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikifika siku ya 29 na watu wakatoka kutazama mwezi mwandamo, maswali haya hurudi barazani, misikitini, kwenye makundi ya WhatsApp, na kwa majirani Wakristo wanaotaka kujua Idi ni lini ili wapange likizo. Ukiyasikiliza vizuri, mengi yanauliza tunajua nini, tunajuaje, na tufanye nini kabla hatujajua yote. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Shaka, dhana na yakini vinatofautianaje?

Wanazuoni wa usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, waliviweka katika ngazi. Yakini ni kujua kusikobakisha upande wa pili. Dhana ni pale upande mmoja unapokuwa na nguvu kuliko mwingine, ingawa huo mwingine haujafutika. Shaka ni pande mbili kulingana, huna cha kukuelemeza huku wala kule.

Ngazi hizi zikichanganywa, ugomvi hauishi. Mmoja anasema dhana, mwenzake anasikia yakini, na kesho yake mambo yakigeuka anaitwa mwongo. Qur'ani inasema kwamba dhana haifai kitu mbele ya haki (10:36), na aya hiyo hutajwa sana katika mijadala ya mwezi. Lakini wanazuoni hao hao walioisoma aya hii walikubali kwamba sehemu kubwa ya matendo yetu husimama juu ya dhana yenye nguvu: kuelekea kibla ukiwa safarini, hukumu ya kadhi kwa mashahidi wawili, kukubali habari ya mtu mmoja mwaminifu. Yakini hudaiwa katika mizizi ya imani. Katika matendo, mtu akingoja yakini katika kila jambo hataswali wala hatahukumu.

2. Si sayansi ndiyo yenye uhakika, na dini ndiyo ya kuamini tu?

Mgawanyo huo hausimami hata ndani ya sayansi yenyewe. Mwaka 1748 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliuliza swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha wote: jua limechomoza kila siku mpaka leo, lakini ni hoja gani inayothibitisha kwamba litachomoza kesho? Ukisema "kwa sababu siku zote limechomoza", umelitumia jambo lile lile unalotakiwa kulithibitisha. Mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper, katika kitabu chake cha 1934, alikwenda mbali zaidi: nadharia ya sayansi haithibitishwi kamwe, ila hujaribiwa, na ile ambayo bado haijaanguka tunaendelea nayo.

Hayo hayana maana kwamba kila kauli ni sawa na nyingine. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijazana Rujewa, mkoani Mbeya, kuangalia jua likipatwa, na mwezi ukapita mbele ya jua kwa saa na dakika zilizokuwa zimepigiwa hesabu miaka mingi kabla. Kinadharia hesabu ile ingeweza kuanguka. Ni mtu gani mwenye akili zake aliyepanga safari ya Rujewa akihofia hivyo?

3. Kanuni ya Heisenberg si inasema hakuna kinachojulikana kwa hakika?

Hapana. Kanuni hiyo ya mwanafizikia Heisenberg, ya mwaka 1927, inahusu vitu vidogo kama elektroni: kadiri mahali pa kitu hicho panavyobanwa kwa usahihi, ndivyo mwendo wake unavyozidi kutawanyika. Kwa kitu kikubwa kama mwezi, athari yake ni ndogo kiasi kwamba haina maana yoyote. Kuitumia kupinga hesabu za wanafalaki, wataalamu wa mwendo wa jua, mwezi na nyota, ni kuipeleka mahali isikohusika, na kuitumia kuthibitisha kuwapo kwa Mungu ni vivyo hivyo.

4. Kuwa na shaka ni dhambi?

Inategemea shaka inatafuta nini. Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu, na alipoulizwa, "Kwani huamini?" akajibu kwamba anaamini, ila moyo wake utulie (2:260). Katika Injili ya Marko, baba wa mtoto mgonjwa anamwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (9:24). Wote wawili walikuwa waumini, na hakuna aliyefukuzwa kwa kuuliza.

Wasiwasi ni jambo jingine. Ni shaka isiyotafuta jibu, inayorudi hata baada ya jibu kupatikana. Dawa yake katika fiqhi ni kanuni mashuhuri: yakini haiondolewi na shaka. Una yakini kwamba ulitawadha, kisha ukaingiwa na shaka kwamba udhu umetenguka? Una udhu. Umeshindwa kujua umeswali rakaa tatu au nne? Shika tatu, kwa kuwa hizo huna shaka nazo. Kanuni hii ndiyo iliyobeba hukumu nyingi za mwezi, kama utakavyoona katika swali la 9.

## Mwezi wenyewe

5. Kama kupatwa kwa jua kunatabiriwa kwa dakika, kwa nini kuandama kwa mwezi hakutabiriki hivyo?

Kwa sababu ni maswali mawili. La kwanza ni la mwendo: ni lini mwezi utapita upande wa jua na kuanza mzunguko mpya, kile ambacho watu hukiita kuzaliwa kwa mwezi. Hilo linajulikana kwa usahihi mkubwa. Mzunguko mmoja huchukua wastani wa siku 29.53, na mabadiliko ya kila mwezi yamo ndani ya hesabu. La pili ni la kuona: je, jioni hii, mtu aliyesimama ufukweni Lamu au Bagamoyo ataweza kuiona hilali, yaani mwezi mwembamba wa mwanzo? Hapo huingia unyevu hewani, vumbi, moshi, mwanga wa magharibi, kimo cha mwezi, macho ya mtazamaji na uzoefu wake.

Miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alichunguza kumbukumbu za watazamaji na kuona kwamba mwezi ukiwa chini ya takribani nyuzi 7 kutoka kwenye jua, hilali haionekani. Wengine baadaye wamebishania namba yenyewe na sababu yake, lakini kwamba mpaka upo hakuna mwenye shaka. Wataalamu wa siku hizi huigawa dunia kwa kila jioni: hapa utaonekana kwa urahisi, hapa anga likiwa safi sana, hapa kwa darubini tu, hapa hauwezekani. Kwa hiyo falaki ina yakini katika ncha mbili na dhana katikati, na usiku wenye kelele ni ule ambao nchi yetu imeangukia katikati.

Rudi Rujewa. Mwezi ulikuwa mbele ya jua karibu na saa sita mchana. Magharibi ilipoingia ulikuwa na umri wa kama saa sita tu, wakati hilali changa kabisa iliyowahi kurekodiwa kwa macho matupu, mwaka 1990, ilikuwa na saa 15 na nusu. Jioni ile mtu angeweza kusema "hautaonekana" bila kuongeza neno "labda".

6. Nimeuona kwa macho yangu. Kuna ushahidi gani zaidi ya huo?

Macho ni shahidi mzuri, naye huhojiwa kama mashahidi wengine. Mwanazuoni Imam Ghazali, alipoeleza jinsi alivyopoteza na kupata tena yakini yake, alitoa mfano wa nyota: jicho linaiona ndogo kama dinari, na hoja za jiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Hisia ikatoa hukumu, akili ikaja kuifuta. Ndipo akauliza: je, hakuwezi kuwapo kitu juu ya akili kitakachokuja kuifuta nayo? Aliugua kwa swali hilo karibu miezi miwili, na anasema hakuponywa kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu kadhi Iyas bin Muawiya. Watu wa Basra walitoka kutazama mwezi, na sahaba Anas bin Malik, akiwa mzee anayekaribia miaka mia, akasema ameuona na kuonyesha ulipo. Wengine hawakuona kitu. Iyas akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umeinama mbele ya jicho lake. Akaupangusa kwa adabu na kumuuliza, "Mwezi uko wapi sasa?" Anas akasema hauoni. Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba hakuna aliyemwita mzee mwongo. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na akawa amekosea, na kadhi mwema huyapima yote mawili.

7. Je, hesabu ikisema haiwezekani, na mtu mwadilifu akaapa kwamba ameona?

Hili ndilo swali kubwa. Taqiyuddin Subki, kadhi wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1355, alilijibu waziwazi: ushahidi huo unakataliwa. Hoja yake ni ya ngazi zile za swali la 1. Hesabu, ikiwa imethibiti, ni jambo la kukata, yaani la yakini. Ushahidi wa mtu ni dhana, na dhana haiwezi kupambana na jambo la kukata. Tena, sharti la ushahidi ni kwamba jambo linaloshuhudiwa liwezekane, na sheria haikuja kutulazimisha tuamini lisilowezekana.

Hakukubaliwa na wote. Ramli, Mshafi mwenzake, aliushikilia ushahidi. Ibn Hajar Haytami, Mshafi pia, akasimama katikati: ushahidi utakataliwa iwapo wenye hesabu wameafikiana na ni wengi kiasi cha kuondoa shaka. Hawa wawili ndio ambao vitabu vyao vimesomwa sana katika madarasa ya pwani yetu, kwa hiyo tofauti yao ingali hai hapa. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kihanbali, kwa upande wake, alipinga vikali kuutegemeza mwezi wa ibada juu ya hesabu.

Karibu miaka 400 baada ya Subki, Hume aliandika hoja inayofanana nayo kuhusu miujiza: pima uwezekano wa jambo lenyewe dhidi ya uwezekano wa shahidi kukosea, kisha ukatae lililo zito zaidi kuliamini. Muda mfupi baadaye, mwaka 1763, ilichapishwa kazi ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, iliyoonyesha jinsi ya kuipiga hesabu mizani hiyo. Chukua mfano. Shahidi mwaminifu hukosea mara 1 kati ya 20. Jioni ambayo mwezi una nafasi nusu kwa nusu ya kuonekana, akisema ameuona, unaweza kumwamini kwa asilimia 95. Jioni ambayo nafasi ni 1 kati ya 1,000, mtu yule yule, kwa kauli ile ile, anakuacha na asilimia 2 hivi. Yeye hajabadilika uadilifu. Kilichobadilika ni anga.

Mimi nasimama na Subki, na sababu yangu si kuipendelea sayansi. Kumkatalia mtu ushahidi kwa hesabu hakumvunjii heshima, kama Iyas hakumvunjia Anas. Kuupokea ushahidi usiowezekana, kisha nchi nzima ikagawanyika, ndiko kunakowaumiza waumini.

Tahadhari moja: kukataa kwa hesabu na kuthibitisha kwa hesabu ni mambo mawili. Hesabu ikisema "inawezekana", haijasema "umeonekana". Wapo waliokwenda hatua hiyo ya pili. Ibn Suraij, Mshafi wa karne ya 10, alimruhusu mjuzi wa hesabu aifuate siku ya mawingu, na Ahmad Shakir wa Misri aliandika mwaka 1939 akitaka hesabu ishike nafasi ya kutazama.

## Uhakika kiasi gani unatosha?

8. Kwa nini shahidi mmoja anatosha kuanza Ramadhani, lakini Idi inahitaji wawili?

Katika kauli inayofuatwa na Washafi, mwadilifu mmoja anatosha kuthibitisha Ramadhani, na Shawwali, mwezi unaoanza kwa Idi, inahitaji wawili. Mwezi ni ule ule, anga ni lile lile, macho ni yale yale. Tofauti iko katika gharama ya kukosea. Ukianza mapema kwa kosa, umefunga siku ambayo haikuwa wajibu. Ukimaliza mapema kwa kosa, umekula siku ya wajibu.

Wanasayansi hufanya jambo hilo hilo. Tafiti nyingi za tiba huridhika na kiwango cha asilimia 95. Wanafizikia wa CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, kabla ya kutangaza chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012, walisubiri ushahidi ambao uwezekano wa kutokea kwa bahati tu ni kama 1 kati ya milioni 3.5. Hakuna darubini inayoonyesha kiwango kipi kinatosha. Anga hukupa ushahidi. Kiasi cha kutosheka nacho huamuliwa na watu, kwa kupima nani ataumia wakikosea.

9. Kama hatuna hakika, kwa nini tusifunge tu kwa tahadhari?

Hoja hii ni binamu wa ile ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ukiamini na Mungu yupo umepata kila kitu, na kama hayupo hujapoteza kitu. Wenye kufunga siku ya shaka, ile inayofuata 29 Shaabani bila kujulikana kama Ramadhani imeingia, husema hivyo hivyo: ikiwa ni Ramadhani nimeipata, ikiwa siyo ni sunna.

Fiqhi haikuikubali. Imepokewa kutoka kwa Ammar bin Yasir kwamba anayefunga siku ya shaka amemwasi Mtume, na Washafi wamelichukua hilo kuwa katazo, isipokuwa kwa aliyezoea kufunga siku hiyo au mwenye deni la saumu. Mafundisho ni kwamba mawingu yakiufunika mwezi, Shaabani inakamilishwa siku 30. Shaabani ndiyo yakini tuliyonayo, na haiondolewi na shaka (swali la 4). Tahadhari nayo ina gharama: humfanya kila mtu awe na mwezi wake, na ibada ya jamaa huvunjika vipande.

10. Mbona Wakristo na Wayahudi hawana ugomvi huu?

Walikuwa nao. Baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, Kanisa polepole liliacha anga na kushika jedwali: Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa jedwali unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Mwaka 2019 jedwali na anga viliachana. Usiku na mchana vililingana tarehe 20 Machi, mwezi ukapevuka saa chache baadaye, na kwa anga Pasaka ingekuwa 24 Machi. Ilisherehekewa 21 Aprili. Shaka imeondolewa kwa makubaliano, na bei yake ni kwamba mwezi wa Pasaka si lazima uwe ule ulio juu. Hata hivyo Waorthodoksi wana jedwali lao, na Pasaka mbili bado zipo.

Wayahudi walianza kwa mashahidi, kama sisi. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inasimulia kwamba kiongozi wao Rabban Gamliel alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ya kuwahojia mashahidi. Safari moja aliupokea ushahidi ambao Rabi Yoshua aliuona hauwezekani. Gamliel akamwagiza Yoshua aje kwake akiwa na fimbo na fedha, katika siku ambayo kwa hesabu ya Yoshua ndiyo Siku ya Upatanisho, siku isiyobebwa vitu hivyo. Yoshua akaja. Gamliel akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa utii.

Nasi tuna hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba saumu ni siku mnayofunga nyote na Idi ni siku mnayofungua nyote. Kwa maana hiyo, tangazo la mwenye mamlaka lina kazi mbili: linatoa habari za anga, na linaifanya siku iwe siku. Jedwali la Kanisa limechukua kazi ya pili likaiacha ya kwanza. Hoja ya Yoshua ilihusu kazi ya kwanza, na utii wake ulihusu ya pili.

11. Tufuate mwandamo wa nchi yetu au wa popote duniani?

Kuraib alitoka Sham (Syria) kwenda Madina, akamweleza sahaba Ibn Abbas kwamba huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Madina ulionekana usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas akasema wataendelea mpaka wauone wenyewe au watimize 30. Kauli yenye nguvu kwa Washafi inategemea kisa hicho: nchi za mbali zina mwandamo wao. Wengine husema habari ikithibiti popote, inawahusu wote. Hapa hakuna swali la sayansi lililobaki. Wote wanajua dunia ni mviringo na magharibi huingia kwa zamu. Tofauti ni ya kufahamu amri, na aliyeko upande mmoja asimwite wa upande mwingine mjinga wa falaki.

## Kesi za pembeni

12. Nimeuona peke yangu na ushahidi wangu umekataliwa. Nifanyeje?

Kwa Washafi, unafuata ulichokiona. Ukiona mwezi wa Ramadhani, funga. Ukiona wa Shawwali, fungua, lakini kwa siri, usijiweke mahali pa tuhuma. Madhehebu ya Malik na Ahmad hawaruhusu kufungua peke yako. Kauli ya Shafi inaheshimu yakini ya mtu bila kumpa haki ya kuwalazimisha wengine. Kabla ya kuifuata, jiulize kwa uaminifu kuhusu unywele wa swali la 6.

13. Picha ya kamera inahesabika kuwa kuona?

Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliipiga picha hilali wakati ule ule wa kuzaliwa kwa mwezi, mchana kweupe, kwa kamera inayopokea mwanga usioonekana kwa macho. Tukisema picha kama hiyo ni kuona, basi tumeingia kwenye kuthibitisha kwa hesabu bila kusema, kwa kuwa mwezi upo angani kila wakati. Darubini ya kusaidia jicho kuona jioni wengi wameikubali. Kamera inayoona kile ambacho hakuna jicho lingekiona ni jambo jingine, na nadhani ni sahihi kuikataa.

14. Sisi tulioko Ulaya ya Kaskazini, ambako mwezi hauonekani kwa siku kadhaa?

Jioni za vuli huko, njia ya mwezi hulala karibu na upeo, na hilali huzama mara baada ya jua hata ikiwa na umri mkubwa. Kaskazini zaidi, kama Tromsø, kuna siku ambazo mwezi hauchomozi kabisa. Kungoja jicho hapo ni kungoja kisichokuja, na mawingu hayahusiki. Wanazuoni hurejesha watu wa huko kwenye nchi ya karibu yenye mwandamo au kwenye kalenda ya hesabu. Chagueni kimoja pamoja, kabla ya Shaabani.

15. Na ikibainika baadaye kwamba tulikosea?

Ukifunga siku 28 na mwezi wa Shawwali ukaonekana, unalipa siku moja, kwa kuwa mwezi wa Kiislamu haupungui 29. Ikiwa hakuna kilichobainika, hakuna deni; huwajibiki kwa kosa ambalo halikujulikana.

Kesi nzito zaidi ni ya Hija. Mahujaji wote wakisimama uwanda wa Arafa siku ya 10 ya mwezi wa Hija wakidhani ni ya 9, siku yake halisi, Washafi wanasema Hija yao imeswihi. Wakisimama siku ya 8 kwa kosa, haikuswihi. Wanazuoni wameeleza sababu. Kuchelewa hakuepukiki: mwezi ukifunikwa unatimiza 30 kama ulivyoamriwa, na kumbe ulikwishaandama. Kutangulia hutokana na ushahidi mbovu au hesabu mbovu, na hayo yangeweza kuzuiwa. Kanuni ya kutimiza 30 husukuma makosa yetu upande wa kuchelewa, na upande huo ndio uliosamehewa.